Kabrasha la Zisizosomeka

Mbwajumali,
3 Septemba 2025

Kwa Mtunza Kumbukumbu,
Ofisi ya Hati za Kale,
Mokowe.

KUH: CHETI CHA NDOA CHA MAREHEMU HAMDU BIN UTHMAN

Naandika kwa mkono kwa sababu simu huku hazishiki tangu mnara uungue, na kwa sababu mlangoni penu mmebandika kwamba maombi yote yawe kwa barua. Basi hii ndiyo barua.

Binti yangu Rumaisa ana miaka kumi na minane. Vali moja ya moyo wake imebana. Juma la tarehe 17 Novemba madaktari wageni watakuwa Mombasa na jina lake limo katika orodha yao, lakini bila kadi yake ya bima hapasuliwi. Kadi ya bima yataka kitambulisho. Kitambulisho chataka kamati ya ukaguzi, na kamati yataka karatasi ya babu yake mzaa baba kuonyesha alioa na kukaa hapa.

Karatasi hiyo mnayo. Mume wangu Madi, Mungu amrehemu, aliwaletea mwaka 2019, mlipotangaza kwamba hati zote za wazee ziingizwe kwenye kompyuta zisiliwe na mchwa. Naomba nakala.

Barua hii inaletwa na Sista Wanjira wa zahanati yetu, ambaye huja Mokowe kila Alhamisi kuchukua dawa na hurudi Ijumaa. Jibu mpeni yeye.

Wenu,
Rahima Bakari


Mokowe,
11 Septemba 2025

Bi Rahima Bakari,

Ombi lako limepokelewa. Tumetafuta jina "Hamdu bin Uthman" katika mfumo, kwa kijiji na kwa mwaka. Hakuna kumbukumbu inayolingana.

Asante kwa kutumia huduma zetu.

N. Achieng
Karani wa Kumbukumbu


Mbwajumali,
17 Septemba 2025

Bi Karani,

Hakuna kumbukumbu! Kwani Madi alimpa nani, paka? Alirudi jioni ile akatueleza yote. Alipokewa na mwanamke wa bara mwenye mwanya, mpole, aliyeishika karatasi kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Akamwambia, "Sasa hii haipotei tena, baba." Maneno hayo tuliyacheka miaka, maana Madi alipenda kuyaigiza.

Mwataka tuzoee kuambiwa hatumo. Barabarani hatumo, bimani hatumo, na sasa hata kwenye sanduku tulilolijaza wenyewe hatumo. Mimi sina elimu ya kompyuta, lakini najua kitu kilichowekwa na mtu hutolewa na mtu. Mtafuteni huyo mwenye mwanya mumuulize aliiweka wapi.

Rumaisa akipanda ngazi tatu za msikiti hukaa chini. Nimekwisha kusema.

Rahima


Mokowe,
19 Septemba 2025

Dada Rahima,

Hii si barua ya ofisi. Naomba ukiisoma uiweke mbali.

Mwenye mwanya ni mimi. Mumeo namkumbuka, alikuwa na kanzu ya rangi ya maziwa na alikataa kukaa. Neno nililomwambia nalikumbuka pia, na tangu Alhamisi linanichoma.

Nitakueleza kilichotokea. Mwaka ule tulipokea hati nyingi, nami peke yangu ndiye niliyekuwa nikizipiga picha kwenye mashine na kuzipa majina. Zenye maandishi ya kawaida nilizipa jina na mwaka. Halafu zikaja hizi zenu, za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sikujua hata neno moja. Mfumo haupokei picha isiyo na jina, nikaandika "Haisomeki". Mfumo haupokei picha isiyo na mwaka, na miaka yenu ya Kiislamu, elfu moja mia tatu na kitu, ukaikataa kwamba ni ya kale mno. Nikaweka 1900. Zote nikazitia kabrasha moja: jina Haisomeki, mwaka 1900. Ziko mia sita na kumi na mbili.

Nilisema nitamtafuta mtu anayejua kusoma, nizirekebishe. Nilisema hivyo mwaka huo, na mwaka uliofuata, kisha nikaacha kusema. Karatasi zenyewe ziliozea ghalani mvua za mwaka 2020. Zimebaki picha tu.

Lililo baya zaidi ni hili. Tunahamia mfumo mpya. Ijumaa tarehe 31 Oktoba kila picha yenye jina halisi na mwaka itahamishwa, na nyingine zote zitafutwa. Nimemwendea mkubwa wangu, Bwana Murithi, nikamwambia kabrasha lile lina hati za watu. Akanionyesha kwenye skrini. "Hazisomeki. Nani aliandika? Wewe."

Niambie karatasi yenu ilikuwa na alama gani. Chochote.

Nerea


Mbwajumali,
24 Septemba 2025

Bi Nerea,

Nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nilitaka kuichana. Haisomeki! Mama mkwe wangu, Bi Alawiya, ana miaka sabini na tano na husoma herufi hizo bila miwani. Ungalitoka mlangoni ukaita tu, angalikuja mtu.

Lakini umesema kweli, na mtu aliyesema kweli sina nguvu ya kumgombeza. Nguvu zangu nazihitaji.

Alama ni hizi. Cheti ni chake yeye Bi Alawiya na marehemu mumewe. Wino ulikuwa mwekundu juu na mweusi chini. Kona ya juu ya kulia imeungua, siku ya harusi yenyewe chetezo cha udi kiliiangukia. Waliooana ni Hamdu bin Uthman na Alawiya binti Muhdhar, Mbwajumali, mwaka 1391 wa Hijria, ambao Ustadh Amjad, mwalimu wa madrasa, ametuhesabia kuwa ni 1971.

Tuletee picha, Bi Alawiya atazisoma.

Rahima


Mokowe,
2 Oktoba 2025

Dada Rahima,

Picha siwezi kutoa. Simu tunaziacha kwa askari mlangoni. Kompyuta zimezibwa, hazipokei kitu cha kuchomeka. Kuchapisha ukurasa mmoja ni lazima Bwana Murithi atie sahihi, naye ameshakataa. Na mashine ilipiga picha nyeusi na nyeupe, hivyo wino mwekundu umepotea.

Lakini kalamu hawajaninyang'anya. Nimechagua zenye doa jeusi kona ya juu ya kulia, nikaketi na karatasi za daftari, nikachora mistari miwili ya mwanzo ya kila moja. Nachora tu kama mtu anayechora nyayo za ndege, sijui neno linaanzia wapi wala linaishia wapi. Kila karatasi ina namba ya picha. Ziko sitini. Sista Wanjira amezificha katikati ya bandeji. Hili nalo limekatazwa, na wewe unajua.

Bi Alawiya akinipa jina na mwaka kwa kila namba, nitaingiza kwenye mfumo na hati hiyo itapona, iwe yenu au ya mwingine.

Mpe Rumaisa salamu zangu.

Nerea


Mbwajumali,
8 Oktoba 2025

Bi Nerea,

Ole wetu. Bi Alawiya alizishika karatasi zako, akazitazama, akazigeuza, akacheka mpaka akakohoa, kisha akalia. Maneno yake ni haya: "Mwambie mwana wa watu karatasi kazipindua, kitwa tini maguu yuu."

Ulipozipiga picha hukujua juu ni wapi, ukazitia mashine kinyume. Mistari uliyochora si ya mwanzo, ni ya mwisho. Ni majina ya mashahidi na dua. Bi harusi na bwana harusi hawamo. Sitini zote.

Na ile kona iliyoungua, kama karatasi imepinduliwa, basi wewe iangalie chini kushoto. Juma zima limekwenda hivi hivi.

Jana Rumaisa alianguka akichota maji. Midomo iligeuka rangi. Sista akamlaza, akampa sindano, akaniambia nisimwache peke yake. Ana maneno yule mtoto, kaniambia, "Mama, nami nimepinduliwa?" Nikacheka mbele yake, nikaenda kulia jikoni.

Bi Nerea, kwa nini usizipe zote majina ya uongo? Andika Juma, andika Asha, zihame kwanza, tusome baadaye. Nakuomba.

Rahima


Mokowe,
16 Oktoba 2025

Dada Rahima,

Niliposoma neno la Bi Alawiya nilitoka nje ya ofisi nikanawa uso kando ya tangi la maji. Miaka sita nimezitazama zikiwa kichwa chini na sikujua.

Majina ya uongo nilijaribu Ijumaa. Niliingiza ishirini. Bwana Murithi hupitia kila jioni majina yaliyoingizwa na kuyalinganisha na kijiji, akaona Juma ishirini wa kijiji kimoja. Alizirudisha zote kabrashani. Akaniambia nikirudia nitafukuzwa na kushtakiwa. Nikamjibu ndiyo bwana.

Hizi hapa mia moja na kumi, zenye doa chini kushoto. Nimezigeuza kabla ya kuchora. Zenye doa ni nyingi kuliko nilivyofikiri, maana kifuniko cha mashine nacho kilikuwa kinatupa kivuli pembeni. Kidole changu kimefanya sugu. Zimebaki siku kumi na tano.

Nerea


Mbwajumali,
22 Oktoba 2025

Bi Nerea,

Majina mia moja na matatu, kwa namba, kila moja na mwaka wake, na kando Ustadh Amjad ameandika mwaka wa kizungu. Saba hazikusomeka kweli, Bi Alawiya asema hapo ulichoka.

Kuna watu wa Faza humo, wa Siyu, wa Kizingitini. Kuna mpaka ndoa ya shoga yake Bi Alawiya aliyedai miaka yote kwamba aliolewa kabla yake. Kumbe ni baada. Ndiyo kicheko pekee tulichopata juma hili.

Yetu haimo.

Rumaisa halali ila ameketi. Najua hukuzaliwa hapa na si ndugu yangu, lakini sina mwingine wa kumwambia: naogopa.

Rahima


Mokowe,
23 Oktoba 2025

Rahima,

Nimeziingiza zote mia na tatu. Bwana Murithi alipitia, hakuona kosa, akaniuliza, "Umejifunza lini kusoma?" Nikasema kuna anayenisaidia. Hakuuliza nani. Zimepona.

Ninakupa tisini na sita nyingine. Hizi ndizo za mwisho zenye doa upande ule. Kama yenu ipo duniani imo humu. Mwambie Bi Alawiya asipumzike. Majibu yanifikie Alhamisi ijayo, tarehe 30. Ijumaa saa sita mchana kabrasha linafutwa.

Usiogope. Nasema hivyo na mimi mwenyewe naogopa.

Nerea


Mbwajumali,
29 Oktoba 2025

Nerea, Nerea, Nerea!

IMEPATIKANA. Namba 371. Tatu saba moja!

Nikueleze. Kwetu Bi Alawiya hajapata kulitamka jina la mumewe. Heshima za watu wa zamani. Tangu niolewe namsikia akisema Baba Madi. Jana adhuhuri alikuwa akisoma, mimi naandika, karatasi moja, ya pili, ya thelathini, kisha akainamisha kichwa. Nikadhani amesinzia. Akasema kwa sauti, "Hamdu bin Uthman." Kalamu ikanianguka. Akasema tena. Akaiweka karatasi yako mapajani, akaipiga pasi kwa kiganja, akasema, "Kachora vibaya, lakini ndiye."

Mistari yako miwili ina kila kitu: yeye, mkewe, Mbwajumali, na mwaka.

Ingiza hiyo kwanza, kabla ya nyingine zote. 371. Nimeiandika mara tatu usiseme hukuiona.

Rahima

Alhamisi, alfajiri. Sista amerudi kutoka gatini. Amri imetoka, hakuna chombo kuondoka kisiwani Pate mpaka operesheni ya usalama iishe. Nimewaomba askari waipeleke barua peke yake. Wamesema barua haina haraka.


Mokowe,
3 Novemba 2025

Rahima,

Sijui barua hii itakufikia lini. Boti hazijaja. Alhamisi nilikaa gatini mpaka jioni nikiutazama mlango wa bahari, Ijumaa nikaenda tena alfajiri.

Saa nne nilimwomba Bwana Murithi aahirishe mpaka Jumatatu. Nilipiga magoti, Rahima, sioni haya kukuambia. Alisema mfumo hauongozwi na boti. Kisha akaniambia kabrasha ni langu, mimi niliyelifungua ndiye mwenye ruhusa ya kulifuta, nibonyeze. Nikakataa. Akasema nikikataa ataita fundi abonyeze palepale, na mimi nitoke na virago vyangu. Nikafikiri, nikitoka leo, nani atakayebaki humu ndani wa kuwasaidia?

Nikabonyeza. Kidole ni changu. Mia tano na tisa. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu.

Nimekosa kwako, na kwa mumeo aliyeniamini.

Nerea


Mokowe,
6 Novemba 2025

Rahima,

Sista amefika leo na barua yako ya tarehe 29. Nimeisomea hapohapo kaunta ya dawa. 371 haipo tena.

Sasa nisikilize. Ile karatasi niliyoichora ipo kwenu? Usiikunje, usiitie maji, usimpe mtu. Kamati ya ukaguzi inakaa hapa Mokowe Jumatatu tarehe 10. Wewe usingoje. Mchukue Rumaisa uende naye Mombasa kesho na Sista, awe karibu na hospitali. Bi Alawiya aje kwa kamati na karatasi. Nitakuwepo. Nitaapa kwamba nimeichora kutoka hati halisi kwa mkono huu, na nitasema ni nani aliyeiandika Haisomeki.

Najua maana yake kwa kazi yangu. Usinijibu, hakuna wakati.

Nerea


Mokowe,
11 Novemba 2025

Rahima, huko Mombasa,

Sista amenipa namba ya wodi, barua hii inakuja na basi la asubuhi.

Bi Alawiya alifika na kibahasha ndani ya buibui, ndani ya kitambaa, ndani ya nailoni. Wanakamati walikuwa watano, na Ustadh Amjad aliitwa kusoma. Akasoma: Hamdu bin Uthman, Alawiya binti Muhdhar, Mbwajumali, 1391. Mwenyekiti akasema, "Hii ni karatasi ya daftari. Mtu yeyote angeiandika jana." Kweli ilikuwa hivyo.

Nikasimama. Nikasema yote: mashine, 1900, kichwa chini, bandeji, kidole. Bwana Murithi alikuwa ameketi nyuma, sikumtazama. Mwenyekiti akasema, "Na sisi tutajuaje hukufundishwa na huyu bibi uje utudanganye?" Nilidhani tumekwisha.

Ustadh Amjad ndiye aliyeiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Akaisogeza puani kabisa. Akauliza, "Bi, kalamu yako ulianzia upande gani?" Nikasema kushoto, kama siku zote. Akacheka. Akawaita wote watano waje waone. Akawaonyesha pale kalamu inapotua na pale inapoinuka na kuacha mkia. Herufi hizi huanzia kulia, lakini kila moja imechorwa kuanzia mwisho wake kwenda mwanzo. Nukta zimewekwa kabla ya herufi. Akasema, "Mimi nafundisha herufi hizi miaka ishirini na sita. Ajuaye hata alifu kwa kijiti hawezi kuandika hivi akitaka. Huyu alikuwa na kitu mbele ya mato yake, akikiona, na hakukijua. Na asiyejua hawezi kubuni jina la mtu, na mwandiko aliouiga ni wa makadhi wa kale, si wa bibi huyu."

Mwenyekiti akanipa kalamu akasema niandike Alawiya. Sikuweza. Nilijaribu mbele yao, jasho likinitoka, nikashindwa, na wewe hujui nilivyoshukuru kushindwa.

Walinong'ona, wakaniita nitie kidole gumba kwenye kiapo. Karatasi ya kungojea kitambulisho ndiyo hii, imo ndani ya bahasha. Ina namba. Wapelekee wa bima leo hii, usinywe hata chai.

Bwana Murithi amenipa barua ya kusimamishwa kazi. Nayo nimeiweka vizuri, kwa tarehe.

Nerea


Mombasa,
24 Novemba 2025

Nerea dada yangu,

Jumatano asubuhi walimwingiza. Saa tano nzima nilikaa kwenye benchi la chuma, nikasoma kila dua niijuayo, zikaisha, nikaanza upya. Yu hai. Jana ametembea mpaka dirishani. Daktari amemwambia avute pumzi, akavuta, akanigeukia kama aliyeibiwa kitu kikarudishwa, akasema, "Mama, kumbe hewa ni nyingi hivi!"

Sikuandikii upate raha tu. Sista amenipigia kutoka Mokowe. Habari zimeenea visiwani, na watu wanakuja kwa Bi Alawiya na majina ya wazee wao. Waliomo katika zile zilizopona amewaandikia namba waende ofisini. Wa zile tisini na sita za mwisho anawapa mistari yao miwili, wanaibeba kwa mikono miwili. Waliobaki hana cha kuwapa. Mzee mmoja wa Kiwayu, ambaye wanawe watatu hawana kitambulisho, aliketi barazani siku mbili hakuamini kwamba hamna. Bi Alawiya alimpa karatasi tupu aondoke nayo, hakujua la kufanya. Hilo sikulaumu peke yako, lakini nisingekuwa mkweli nikikuficha.

Ameniagiza nikuite uje kwake, kwa maneno yake: "Ndoo Mbwajumali. Kazi huna, darasa nnalo. Nitakusomesha alifu mpaka ya, na utaanza kulia."

Rumaisa ameandika mistari miwili kwa herufi zetu, hapo chini, kwa mkono wake. Ni yako. Maana yake nimekatazwa kukwambia. Uje uisome mwenyewe.

Rahima, mama Rumaisa